Bibi Beatrix Potter, Sungura Wake na Milima Aliyoiokoa

Wako watu ambao jina lao huvuma kwa jambo moja, ilhali kazi yao kubwa waliyoifanya duniani ni jambo jingine kabisa ambalo wengi hawalijui. Mmoja katika hao ni Bibi Beatrix Potter, Mwingereza aliyefariki mwaka 1943. Wasomaji wetu waliopitia vitabu vya watoto vya Kiingereza watamkumbuka kwa yule sungura wake mtundu, Peter, aliyevaa koti la buluu akaingia shambani mwa mzee McGregor kula mboga za watu, na nusura apoteze roho yake. Kitabu hicho kimesomwa dunia nzima, na kwa watu wengi habari za bibi huyu huanzia hapo na kuishia hapo. Lakini ukifika kaskazini-magharibi ya Uingereza, katika nchi ya milima na maziwa iitwayo Lake District, utawakuta wafugaji wanaomtaja kwa jambo jingine. Wao humkumbuka kuwa alikuwa mwenye mashamba, mjuzi wa kondoo, na mtu aliyenunua mabonde kwa fedha zake ili yasiharibiwe, kisha akayaacha yote katika hali ambayo hayawezi kuuzwa tena.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe, kwani bila ya kuijua nchi hiyo hatuwezi kumfahamu bibi huyu.

Lake District si kubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,300 na kidogo, na mlima wake mrefu kuliko yote, Scafell Pike, una urefu wa mita 978 tu. Kwa sisi tuliozoea kusikia habari za Kilimanjaro, hicho ni kilima. Hata hivyo ndio mlima mrefu kuliko yote katika nchi ya Uingereza. Uzuri wa mahali hapo hautokani na ukubwa. Unatokana na jinsi vitu vilivyokaribiana: jabali, maporomoko ya maji, malisho, kijiji na ziwa, vyote mtu huviona kwa mtupo mmoja wa macho. Majabali yale yalitokana na milima ya moto iliyotapika miaka milioni 450 hivi iliyopita. Kisha katika zama za barafu mito mizito ya barafu ikateremka polepole kutoka katikati kwenda kila upande, ikichimba na kusaga, na ilipoyeyuka ikaacha mabonde marefu yenye kingo zilizosimama wima, na ndani ya mabonde hayo maji yakatuama. Ndiyo hayo maziwa. Windermere, lililo refu kuliko yote, lina kiasi cha kilomita 17 toka ncha hadi ncha, na Wastwater ndilo lenye kina kirefu zaidi.

Mvua ni nyingi kupita kiasi. Kijiji cha Seathwaite hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, ambayo ni kama mvua ya Mombasa mara tatu. Kwa hiyo kila kitu huko ni kibichi, kila ukuta una kuvu, na ukungu hupanda na kushuka juu ya vilele kama pazia. Masika ya majani yakiisha, kangaga zilizofunika miteremko hugeuka rangi ya kutu, na mlima mzima ukaonekana kana kwamba umetiwa moto usio na moshi.

Malenga wa Kiingereza William Wordsworth, aliyezaliwa huko mwaka 1770 na kufa mwaka 1850, ndiye aliyewafungua watu macho wakaanza kumiminika kwenda kutazama. Baadaye alipoona reli inaletwa karibu na Windermere alipinga kwa maandishi makali mwaka 1844, lakini reli ilifika mwaka 1847 bila ya kumsikiliza. Ni kawaida ya washairi kuita wageni kisha wakajuta.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawalitambui ni hili: sura ya nchi ile si kazi ya maumbile peke yake. Zile kuta za mawe yaliyopangwa bila ya chokaa, zinazopanda kutoka bondeni hadi karibu na kilele, zilijengwa kwa mikono ya watu. Vilima viko wazi bila ya miti kwa sababu kondoo wamevila kwa karne nyingi. Hata majina ya mahali, ya vijito na vilima na viwanja, mengi yameachwa na wafugaji waliokuja kwa majahazi kutoka upande wa Norway zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ukiwaondoa watu wale na kondoo wao, uzuri ule hautabaki vile ulivyo. Jambo hili Bibi Potter alilifahamu mapema kuliko wengi wa zama zake, na ndilo lililomfanya afanye aliyoyafanya.

Alizaliwa London tarehe 28 Julai 1866, katika nyumba kubwa ya mtaa wa matajiri. Babake, Bwana Rupert Potter, alisomea uwakili lakini hakuwa na haja ya kuufanyia kazi, kwani babu zake Beatrix kwa pande zote mbili walikuwa wamechuma mali nyingi katika biashara ya pamba huko kaskazini. Babu mmoja alikuwa na kiwanda kikubwa cha kupiga chapa vitambaa. Kwa dini walikuwa Wakristo wa kundi la Waunitari, ambao hawaikubali itikadi ya Utatu, na kwa ajili hiyo hawakuwa wakihesabiwa sawasawa na wakubwa wengine licha ya utajiri wao.

Beatrix hakutiwa shule. Alisomeshwa nyumbani na waalimu wa kike walioajiriwa, akakaa ghorofani na mdogo wake wa kiume, Bertram, wakiishi kama watoto waliofungiwa. Wenzao walikuwa wanyama. Walifuga sungura, panya, popo, vyura, mijusi na kalunguyeye, mara nyingine bila ya wazee kujua, na mnyama akifa walimchunguza hata mifupa yake wakaichora. Tangu utotoni msichana huyu alichora kila alichokiona. Na kuanzia umri wa miaka 14 au 15 aliweka kitabu cha siri akaandika humo mawazo yake kwa alama alizozibuni mwenyewe, herufi ndogo mno, hata mtu asingeweza kuzisoma. Aliendelea hivyo hadi mwaka 1897. Siri ile haikufumbuliwa ila mwaka 1958, miaka 15 baada ya kufa kwake.

Kila mwaka wakati wa kiangazi jamii ya Potter ilifunga mizigo, farasi na watumishi ikahamia mashambani kwa miezi. Kwa miaka mingi walikwenda Scotland. Mwaka 1882 nyumba waliyozoea haikupatikana, wakapanga jumba la Wray Castle kando ya ziwa Windermere. Beatrix alikuwa na miaka 16. Hapo ndipo macho yake yalipoziona kwa mara ya kwanza zile rangi za mlima na maji ambazo hazikumtoka tena.

Na hapo ndipo alipokutana na kasisi wa mahali pale, Hardwicke Rawnsley, mtu wa maneno mengi na ghera kubwa. Mwaka uliofuata Rawnsley alianzisha chama cha kuitetea Lake District, kwani makampuni yalitaka kupitisha reli mabondeni ili kuchukua mawe ya kuezekea. Mwaka 1895 yeye pamoja na Bibi Octavia Hill na Bwana Robert Hunter walianzisha chama kiitwacho National Trust, cha kununua na kutunza mahali penye uzuri au historia kwa faida ya watu wote. Sheria ya mwaka 1907 ikakipa chama hicho uwezo wa kuitangaza ardhi yake kuwa haiuzwi wala haitolewi kwa mtu. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Ni mfano wa wakfu: asili ya mali huzuiliwa, manufaa yake yakaachwa yatumike. Maneno ya Rawnsley yaliingia moyoni mwa msichana yule yakakaa, ingawa ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla hayajazaa matunda.

Katika ujana wake alipenda elimu ya uyoga. Alichora mamia ya picha za uyoga, kwa usahihi ambao wataalamu wa leo wangali wanautegemea, na akafanya uchunguzi wake mwenyewe jinsi mbegu zake zinavyochipua. Mwaka 1897 aliandika makala akayapeleka katika chama cha wataalamu cha Linnean Society huko London. Lakini chama hicho hakikuruhusu wanawake kuhudhuria mikutano, basi makala yake yakawasilishwa na mwanamume, naye mwenyewe amekaa nyumbani. Hayakupigwa chapa. Mlango huo ukafungwa.

Ukafunguka mwingine ambao hakuutarajia. Mwaka 1893 mtoto wa mwalimu wake wa zamani aliugua, na Beatrix, kwa kukosa la kumwandikia, akamtungia katika barua kisa cha sungura wanne, na picha zake. Miaka kadhaa baadaye akaikumbuka barua ile, akaifanya kitabu. Wapiga chapa kadhaa walikikataa. Hakuvunjika moyo, mwezi wa Disemba 1901 alitoa fedha zake akapiga chapa nakala 250, akazigawa na kuziuza kwa watu anaowajua. Ndipo kampuni ya Frederick Warne ilipozinduka, ikakitoa mwaka 1902 chenye picha za rangi, nacho kikanunuliwa kama mkate. Alikuwa na akili ya biashara pia, damu ya wale babu wa pamba: mwaka 1903 alisajili mwanasesere wa Peter asije mtu mwingine akamtengeneza.

Kazi ya vitabu ilimkutanisha na Norman Warne, mdogo katika ndugu wenye kampuni. Waliandikiana barua karibu kila siku juu ya picha na kurasa, na kwa njia hiyo wakapendana. Mwezi wa Julai 1905 Norman alimposa. Wazee wa Beatrix wakakataa, wakisema huyo ni mfanya biashara na hafai kwa binti yao. Hebu fikiri! Watu waliokula na kuvaa kwa faida ya vitambaa wanaona haya kwa mtu anayeuza vitabu. Beatrix, mwenye miaka 39 sasa, alikubali pete bila ya kuwatii. Lakini tarehe 25 Agosti, mwezi mmoja tu tangu posa, Norman alifariki dunia kwa ugonjwa wa damu.

Katika huzuni hiyo ndipo alipofanya jambo lililobadilisha maisha yake. Kwa fedha za vitabu na urithi mdogo wa shangazi yake, kabla ya mwaka 1905 kwisha alinunua shamba liitwalo Hill Top katika kijiji cha Near Sawrey, kilicho kati ya Windermere na ziwa dogo la Esthwaite. Lilikuwa na eka 34. Wenyeji walicheka chini kwa chini, kwani mama huyu wa mjini aliuziwa kwa bei ya juu kuliko thamani. Hawakumcheka mara ya pili.

Kwa miaka minane hakuweza kuishi pale, maana binti asiyeolewa alikuwa mali ya wazee wake na alitakiwa London kuwatazama. Alikuwa akiiba siku chache hapa, wiki mbili pale. Lakini siku hizo zilitosha. Vitabu vyake vingi vilivyo bora vilitoka wakati huo, na ukivifungua utaiona Sawrey yenyewe: lango la bustani, ngazi ya Hill Top, njia ya kijiji, bata Jemima akitafuta pa kutaga na nyuma yake vilima vimelala buluu. Yeye hakuchora vilima kwa kubuni. Mtu aweza leo kusimama mahali alipokaa akachora, akauona ukuta ule ule.

Mwaka 1909 alinunua shamba jingine ng'ambo ya njia, Castle Farm, na katika kununua akamtumia wakili wa mji wa Hawkshead, Bwana William Heelis, mtu mrefu, mpole, wa maneno machache, aliyeijua kila mipaka na kila hati ya ardhi ya wilaya ile. Wakaendelea kununua vipande vipande. Mwaka 1912 wakili huyo akamposa, na wazee wakakataa tena, safari hii kwa kuwa eti ni wakili wa shamba. Ndugu yake Bertram ndiye aliyewakata maneno: akawafichulia kwamba yeye mwenyewe ameshaoa kwa siri kwa miaka mingi. Tarehe 15 Oktoba 1913 Beatrix akaolewa, naye ana miaka 47. Tangu siku hiyo alitaka aitwe Bibi Heelis, na mtu aliyefika mlangoni akimwulizia mwandishi wa Peter hakukaribishwa kwa furaha.

Hata kabla ya kuolewa alikuwa ameingia vitani kwa ajili ya ziwa. Mwaka 1911 ndege za kutua majini zilianza kuruka juu ya Windermere kwa kishindo, na ikasemwa kutajengwa kiwanda cha ndege ufukoni. Aliandika katika magazeti, akakusanya sahihi za watu, akawatafuta hata wachapishaji wa London watie mkono. Kiwanda hicho hakikujengwa pale. Mwaka 1927 ufuko wa Cockshott Point katika ziwa hilo hilo ulipohatarishwa na wajenzi, alichora picha 50 za Peter kwa mkono wake zikauzwa kwa wapenzi wa vitabu vyake huko Marekani, na fedha zikatumika kuuokoa. Sungura alianza kulipia ardhi.

Jambo kubwa zaidi lilitukia mwaka 1923 aliponunua Troutbeck Park, shamba la mlimani la eka 1,900 hivi, mwisho wa bonde moja zuri mno ambalo lilikuwa likinyemelewa na watu wa kujenga. Shamba lilikuwa limechakaa na kondoo wake wanaugua minyoo ya ini. Mwaka 1926 akamwajiri mchungaji hodari, Tom Storey, na wakati wa kuzaa kondoo yeye mwenyewe alitoka mvuani pamoja na wachungaji, amevaa viatu vyenye soli ya mbao, sketi nzito ya sufu ya kondoo wake, na gunia mabegani. Husimuliwa kwamba siku moja mzururaji alikutana naye njiani, akamdhania ni mwenzake asiye na makao, akamsikitikia kwa hali mbaya ya hewa. Kisa hicho yeye mwenyewe alikipenda.

Kondoo wa huko huitwa Herdwick. Wana-kondoo huzaliwa weusi, wakikua sufu yao ikawa kijivu na nyuso zao nyeupe kama zilizomwagiwa chumvi. Sufu yao ni ngumu, haipati bei, na nyama yao huchelewa kukomaa. Lakini huvumilia yale ambayo kondoo wengine hufa nayo, hata kufukiwa na theluji siku kadhaa. Na wana sifa moja ambayo ndiyo kiini cha habari yetu. Milima ya huko haina ua. Kondoo wa shamba hili na wa shamba lile hulisha mlima mmoja bila ya ukuta kati yao, na bado hawachanganyiki ovyo, kwa kuwa kila jike amejifunza kwa mamake mpaka wa malisho yake, naye humfundisha mwanawe. Elimu hiyo haikuandikwa popote. Imo vichwani mwa kondoo. Ndiyo sababu kwa desturi shamba la mlimani likiuzwa au kupangishwa, kundi hubaki na shamba. Atakayekuja humkuta kondoo na mpaka wake. Ukiuza kundi kwa mchinjaji umeufuta mpaka uliochorwa kwa vizazi na vizazi.

Wakati huo wafugaji wengi walikuwa wakiwaacha Herdwick na kutafuta kondoo wa faida ya haraka. Bibi Heelis akashika kinyume. Alizalisha Herdwick safi, akawapeleka maonyeshoni wakashinda, akakaa katika mikutano pamoja na wazee wa vibanda vya kuuzia kondoo, wanaume watupu wanaovuta viko, akabishana nao juu ya mgongo wa dume na rangi ya miguu. Yule aliyefukuziwa makala yake ya uyoga na mabwana wa London alipata kusikilizwa na mabwana hawa wa mlimani. Mwaka 1943 walimchagua awe mwenyekiti wa chama chao kwa mwaka uliofuata, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, ingawa mauti yalimtangulia.

Mnamo mwaka 1930 ilipouzwa Monk Coniston, milki ya zaidi ya eka 4,000 yenye mashamba, misitu na vijumba, alijua kuwa ikigawanywa mnadani itakwisha. National Trust haikuwa na fedha za haraka. Akainunua yeye, kisha akaiuzia Trust nusu kwa bei ile ile aliyolipa, bila ya kujiongezea hata senti moja, na nusu nyingine akaiweka kwa niyya ya kuwaachia. Trust wakamwomba aisimamie yote, naye akaisimamia miaka kadhaa, akiangalia paa linalovuja huku, lango lililovunjika kule, kodi ya mpangaji aliyefiwa, mti gani ukatwe na upi uachwe.

Ndani ya milki hiyo limo ziwa dogo la Tarn Hows, ambalo hupigwa picha na wageni kuliko karibu kila mahali katika milima ile. Wengi husimama hapo wakamsifu Muumba kwa kulipanga ziwa vile, visiwa vyake na misonobari iliyolizunguka. Sifa zote ni Zake, lakini ukweli ni kwamba ziwa hilo katika hali yake ya leo lilifanywa na mwenye milki katika miaka ya 1860 na kitu: palikuwa na vidimbwi vitatu na kinamasi, akajenga ukuta wa kuzuia maji vikaungana, kisha akapanda miti. Bibi Heelis alilijua hilo. Hakuwa mtu wa kuota kwamba nchi ikiachwa peke yake ndiyo huwa nzuri.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mkali kwa wapangaji wavivu, mgumu katika bei, na alipozeeka ulimi wake ulikuwa na makali. Trust ilipomwajiri kijana msomi kushika kazi aliyokuwa akiifanya yeye, alimwona hajui miti wala kondoo, akalalamika barua kwa barua. Hofu yake haikuwa ya bure: alijua ardhi yake yote itaangukia mikononi mwa watu wa ofisini, na wala hakuwa na mtoto wa kumwachia usia wa mdomo.

Alifariki nyumbani kwake Sawrey tarehe 22 Disemba 1943, vita vikiendelea. Kwa matakwa yake maiti yake ilichomwa, jambo ambalo kwetu si halali lakini kwao ni desturi, na majivu akapewa Tom Storey ayamwage mahali walipokubaliana juu ya kijiji. Mchungaji huyo hakuwatangazia watu ni wapi, na hadi leo mahali penyewe hapajulikani.

Wasia ulipofunguliwa ikaonekana ameacha zaidi ya eka 4,000 na mashamba 14, pamoja na makundi ya kondoo. Mumewe alishika kwa uhai wake, naye akafa mwaka 1945, ndipo mali ikaingia Trust. Ndani ya wasia aliweka sharti kwamba makundi ya mashamba ya mlimani yabaki Herdwick safi. Hakuridhika kuacha ardhi tu. Aliacha ardhi na watu wa kuikaa na mnyama wa kuilisha.

Tangu hapo mengi yametukia. Hill Top ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1946, vyombo vikiwa mahali pake. Mwaka 1951 nchi yote ile ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa, na mwaka 2017 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, si kwa sababu ya maumbile matupu bali kwa ajili ya kazi ya wafugaji iliyoungana na maumbile. Wako wasomi waliopinga, wakisema kondoo ndio waliovinyoa vilima vikakosa miti na ndege. Hoja yao ina uzito, na hata baadhi ya wafugaji sasa wanapunguza makundi na kupanda miti. Taabu nyingine ni nyumba: wenye fedha kutoka mijini hununua vijumba vya mabonde vya kupumzikia, na kijana aliyezaliwa bondeni hukosa pa kuanzia maisha.

Mwaka 2016 katika bonde la Borrowdale, shamba la Thorneythwaite lilipigwa mnada. National Trust ikanunua ardhi lakini si nyumba ya shamba, na wenyeji wakakasirika, wakasema shamba lililotenganishwa na nyumba yake si shamba tena. Jina la Bibi Potter likatajwa sana siku hizo. Shamba hilo halikuwa lake, wala Trust haikuvunja wasia wake, lakini watu waliuliza kama mdhamini anayetunza mandhari na kuacha maskani ya mtunzaji ameifahamu niyya ya yule aliyetoa. Trust ikajibu kuwa fedha zake zilitosha ardhi tu, na kwamba malisho yataendelea. Kila upande ulibaki na neno lake.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa umeshapita mwaka 2001, maradhi ya miguu na midomo yalipoingia Uingereza, na wilaya ya Cumbria, yenye milima hiyo, ikapigwa kuliko zote. Serikali iliamuru kuua mifugo kwa wingi, na Herdwick wengi wakauawa, hata wazima, kwa sababu ya ujirani tu. Katika baadhi ya milima makundi yaliyoijua mipaka yalitoweka kabisa. Walipoletwa kondoo wapya hawakujua pa kusimama. Wakatangatanga toka bonde hadi bonde. Ikabidi zikafungwe nyua za muda mlimani, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na ua, na wachungaji wakapanda kutwa kucha kuwarudisha, mwaka hata mwaka, mpaka majike walipojua mpaka na kuanza kuwafundisha wana wao.